Kuandaa tamasha dogo la kimataifa la michezo ya jukwaani Dodoma: mwongozo kwa wenye mfuko mwembamba

Kabla hujaandika barua hata moja ya kuomba ufadhili, chukua karatasi uandike mambo utakayoyakataa. Kikundi chenye watu zaidi ya sita. Mchezo ambao vifaa vyake haviingii kwenye buti la basi. Mgeni ambaye hawezi kufika ila kwa ndege ya kulipiwa na wewe. Onyesho linalodai taa zake peke yake. Waandaaji wengi huanza upande wa pili: wanaota kwanza, wanahesabu baadaye, na wiki tatu kabla ya ufunguzi ndipo wanaanza kuwapigia simu wageni kuwaambia wasije. Mwongozo huu ni kwa vijana wa Dodoma na mikoa jirani wanaotaka kualika wasanii chipukizi wa nchi nyingine bila kuuza shamba la baba.

Neno "kimataifa" lisikutishe. Mwaka 1947 vikundi vinane vilikwenda Edinburgh, Uingereza, kwenye tamasha kubwa ambalo havikualikwa, vikajitafutia kumbi za pembeni, na huo ndio mwanzo wa tamasha la Fringe linalojulikana leo dunia nzima. Vikundi vinane tu. Jirani zetu wa Kampala nao wamekuwa na tamasha lao la kimataifa la michezo ya jukwaani tangu 2014. Ila kuna jambo moja la Edinburgh nisingependa tuliige: kule kikundi hujitegemea kwa ukumbi, malazi na matangazo, na wengi hurudi kwao na madeni. Kikundi cha Lilongwe au Kisumu kikiondoka kwako kinadaiwa, hutakiona tena, na wenzake watakuwa wameshaambiwa.

Hatua ya 1: Kalenda ya mji kabla ya kalenda yako

Dodoma ina mvua msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo wazo la kufungua tamasha Machi 27, Siku ya Michezo ya Jukwaani Duniani, ni zuri kwa mwenye ukumbi. Kwa mwenye uwanja ni kuomba matope.

Kinachofuata ni Bunge. Kikao cha bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo gesti uliyozoea kulala kwa bei ya kawaida hubadilika tabia. Kisha kuna Nane Nane: tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya Nzuguni hujaa, na vitanda vya mji hujaa pamoja navyo. Ukiondoa hayo, unabaki na madirisha mawili mazuri, yaani wiki ya pili na ya tatu ya Julai, au nusu ya pili ya Agosti kabla Bunge halijarudi. Ukichagua Julai, waambie wageni wa pwani na wa ziwani waje na sweta. Watu hufikiri Dodoma ni joto tu, lakini mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai unauma.

Siku za wiki nazo zina mambo yake. Tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ianze kubeba abiria mwaka 2024, Ijumaa jioni kuna watumishi wengi wanaokimbilia stesheni na begi mgongoni. Ufunguzi unaotegemea meza kuu yenye wakubwa usiuweke Ijumaa, uweke Jumatano. Jumamosi waachie wenyeji wa Majengo, Chang'ombe na Kikuyu, ambao hawaendi popote na ndio watazamaji wako wa kweli.

Hatua ya 2: Alika kwa kufuata barabara

Hapa ndipo Dodoma inapoyashinda majiji mengi. Mji umekaa katikati ya barabara kuu ile ya kutoka kaskazini kwenda kusini mwa Afrika. Kaskazini kuna lami hadi Kondoa na Babati, takriban kilomita 250, kisha Arusha, Namanga na Nairobi. Kusini kuna Iringa, halafu Mbeya, na kutoka hapo Tunduma kwa Zambia au Kasumulu kwa Malawi. Magharibi kuna Singida, na njia ya Kahama inayofika Rusumo mpakani mwa Rwanda. Chora mistari hiyo kwenye karatasi, halafu alika walio juu ya mistari.

Kwa mara ya kwanza, vikundi vinane vinatosha: vinne vya nje, viwili vya mikoa mingine ya Tanzania, na viwili vya hapa Dodoma. Usiongeze hata kama rafiki yako analia kwenye simu. Kila kikundi kinacholala kwako ni watu sita wa kuwalisha siku tano.

Faida nyingine ya barabara ni hii: mwenye kuja kwa basi hulazimika kuja na mchezo mwepesi. Kanga tatu, bakora, sufuria, ngoma moja na waigizaji wanne wanaojua kazi watakupa mchezo mzuri kuliko ukuta wa plaibodi uliopakwa rangi ya nyumba.

Hatua ya 3: Hesabu

Nitatoa mfano kwa bei za kukadiria. Wewe weka za kwako baada ya kuzunguka mjini na daftari.

Wageni wanaolala ni vikundi sita vya watu sita, jumla 36. Wawili kwa chumba ni vyumba 18. Kwa shilingi 25,000 kwa usiku, siku tano, unapata 2,250,000. Chakula ni cha watu wote 48, wenyeji wakiwemo; ukikadiria 12,000 kwa mtu kwa siku, siku tano ni 2,880,000. Taa na vyombo vya sauti vya kukodi kwa siku nne, 400,000 kwa siku, ni 1,600,000. Kosta ya kuzungusha watu mjini siku tano ni 750,000. Vibali na uchapaji 600,000. Posho za vijana 12 wa kujitolea, 10,000 kwa siku, ni 600,000. Mpiga picha 500,000, ulinzi na huduma ya kwanza 320,000. Malipo ya vikundi ni 300,000 kwa kila kimoja, yaani 2,400,000. Mpaka hapo una 11,900,000. Ongeza asilimia kumi ya dharura, 1,190,000, ufike 13,090,000.

Tazama tena namba hizo. Kulala na kula ni zaidi ya shilingi milioni tano, zaidi ya theluthi ya fedha yote. Kwa hiyo barua yako ya kwanza ya kuomba msaada isiombe fedha, iombe vitanda. Vyuo vya Dodoma vina mabweni yanayokaa matupu wakati wa likizo ndefu, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, ni mji mzima. Nyumba za kufikia wageni za makanisa nazo ziulizie mapema. Ukipata vitanda 36 umepata zaidi ya milioni mbili, na aliyekupa hakutoa hata senti mfukoni.

Chakula usikipeleke hotelini. Kaa na mama lishe mmoja au wawili, panga nao mlo wa siku tano, lipa nusu mbele. Siku moja ipikwe ugali wa uwele na mlenda. Wageni watausimulia kuliko kuku wa kukaanga ambaye wamemwacha kwao.

Kuhusu mikopo nina neno moja. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wasanii, na ni jambo jema kwa mwenye kazi inayorudisha fedha. Tamasha la uwanjani lisilo na kiingilio halirudishi. Usikope kwa ajili yake. Taasisi za utamaduni za nchi za nje zilizoko Dar es Salaam, kama Alliance Française na Goethe-Institut, ziandikie miezi minane kabla, na uombe kitu kimoja kinachoeleweka, kwa mfano nauli za kikundi kimoja. Barua ya kuomba "ushirikiano" hujibiwa kwa tabasamu.

Hatua ya 4: Vibali

Sehemu hii ndiyo inayoua matamasha madogo, na haiui kwa ubaya wa mtu bali kwa kuchelewa. Anza miezi sita kabla.

Mtu wa kwanza kumwona ni afisa utamaduni wa jiji. Usiende na ombi tu, nenda na karatasi mbili: moja yenye tarehe, mahali na idadi ya watu, nyingine yenye muhtasari wa kila mchezo kwa Kiswahili, sentensi tano tano. Atakuelekeza ngazi inayofuata, na jina lake likiwa kwenye barua yako milango hufunguka haraka. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili wasanii na kutoa vibali vya matukio, pamoja na vya wasanii wa kigeni. Kumbuka pia kwamba ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Wengi huisikia kwa upande wa filamu tu, wakasahau kwamba jina lake linataja na michezo ya kuigiza. Uliza mapema kama miswada yenu inatakiwa kupitiwa, na uwe nayo tayari. Bahati ya mwenye kukaa Dodoma ni kwamba wizara inayohusika na sanaa iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Unapanda daladala asubuhi na mchana umerudi na jibu, au walau umerudi na jina la mtu mwenye jibu.

Hakimiliki isipite kimyakimya. Kikundi kikiigiza mswada wa mwandishi mwingine, kilete ruhusa ya maandishi. Muziki uliorekodiwa unaopigwa kati ya maonyesho nao una wenyewe. Zungumza na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Au usiupige kabisa, uwe na wapiga zeze na ilimba wa hapa, uwalipe wao.

Polisi waandikie barua, serikali ya mtaa iandikie barua, na nakala zote ziwe kwenye faili moja linalotembea na mtu mmoja. Nimewahi kuona onyesho linasimama dakika arobaini kwa sababu kibali kilikuwa kwenye simu ya mtu aliyekuwa amekwenda kununua mafuta ya jenereta.

Mpakani: raia wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi hawahitaji viza kuingia Tanzania. Lakini kutohitaji viza si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi ya malipo, kwa hiyo peleka majina yote Uhamiaji uelezwe hati inayotakiwa. Kwa wanaohitaji viza tofauti ni kubwa: ya matembezi kwa walio wengi ni dola 50, ya shughuli za kibiashara ni dola 250. Msanii mmoja wa mbali anaweza kumeza bajeti ya chakula cha siku nzima. Waambie wote pia waje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku kumi au zaidi kabla ya safari. Usiandike hili chini ya barua kwa herufi ndogo, liandike juu kabisa.

Kodi: malipo ya huduma kwa asiye mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio asilimia 15. Waeleze wageni kabla, kwenye mkataba, ili 300,000 isigeuke 255,000 mbele ya macho yao siku ya mwisho. Na malipo yawe ya shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Hatua ya 5: Kuchagua vikundi

Tangaza wito miezi saba kabla, uufunge baada ya wiki sita. Fafanua "chipukizi" kwa namba, vinginevyo utaletewa watu wenye miaka ishirini jukwaani: mathalani kikundi kisichozidi miaka mitano, au kisichozidi kazi tatu. Omba video ya dakika kumi iliyopigwa kwa simu moja bila kukatwa. Video iliyopambwa kwa muziki na picha za kuruka itakudanganya. Ile ya simu itakuonyesha kama sauti ya mwigizaji inafika nyuma.

Halafu wapigie simu walioingia kumi na wawili bora. Dakika kumi na tano tu. Katika simu hiyo utajua nani ni mkubwa wa kikundi, nani hushika fedha, na kama wana mazoea ya kugombana. Mkataba uwe kurasa mbili: tunakupa nini, wewe unaleta nini, unafika lini, unaondoka lini, nani analipa nauli, nini kitatokea ukijitoa. Malipo yawe sawa kwa wote, wa Nairobi na wa Chamwino. Kuwalipa wenyeji kidogo kwa kuwa "wako nyumbani" ni tabia mbaya tuliyoizoea.

Hatua ya 6: Uwanja, upepo na umeme

Ukumbi wa kukodi utakula fedha yako na utafukuza watu. Mtu wa kawaida akiona mlango wenye mlinzi, anapita. Uwanja wa wazi kama Nyerere Square, eneo la shule, au kiwanja cha mtaa una watu tayari. Ila kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi, na upepo ule kwa kawaida hutoka mashariki. Ndiyo maana nashauri jukwaa liwe upande wa mashariki na watazamaji waangalie mashariki: jua la saa kumi jioni linakuwa migongoni mwao, nyuso za waigizaji zinaangazwa bure, na upepo unabeba sauti kuipeleka kwa watu badala ya kuirudisha. Jenereta iwe mbali nyuma ya watazamaji, mita arobaini au zaidi, upepo uchukue makelele yake uende nayo.

Pazia kubwa la nyuma ni tanga la jahazi. Likikamatwa na upepo litaangusha nguzo zake na mtu aliye chini. Acha nyuma pawe wazi, au tumia ukuta wa jengo. Maiki za kubandika shavuni nazo ziache, upepo huzigeuza kuwa filimbi. Wafundishe waigizaji kusogea karibu na watu, na uwapange watazamaji nusu duara kama wanavyosimama kwenye ngoma: watoto kwenye mikeka mbele, mabenchi katikati, waliosimama nyuma.

Taa: taa za LED kumi za aina moja, kwenye stendi mbili, zilizofungwa siku ya kwanza na zisizoguswa mpaka siku ya mwisho. Taa moja ya namna hiyo hula wati 50 hadi 100, kwa hiyo zote kumi hazizidi kilowati moja. Zile za zamani, moja peke yake hula wati 1,000. Ukiongeza spika mbili, jenereta ya kVA 3 inatosha. Iwe pale hata kama umeme upo, na mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na kupoa. Kila kikundi kipewe saa tatu za kujaribu jukwaa, na kiambiwe tangu mwanzo kwamba taa ni hizo hizo kwa wote.

Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Onyesho la kwanza lianze saa kumi jioni na liishe kabla ya magharibi. La pili lianze saa mbili usiku, baada ya isha. Katikati kuna swala, kuna chakula, kuna vumbi linalotulia. Mwandaaji anayeanzisha mchezo saa kumi na mbili na nusu atashindana na adhana, kisha atalaumu watazamaji.

Hatua ya 7: Lugha na wito

Kikundi cha Zambia kitakuja na Kiingereza na Kibemba, cha Rwanda na Kinyarwanda. Usikodi projekta ya kuonyesha tafsiri; vumbi na mwanga wa jioni vitaishinda. Tafuta msimulizi, kijana mwenye mdomo mwepesi, atoke mbele kwa dakika mbili kabla ya kila mchezo aeleze kwa Kiswahili nani ni nani na wanagombania nini, kisha aishie pale jambo linapoanza kunoga. Kila kikundi kijifunze pia sentensi tano za Kiswahili za kutia ndani ya mchezo. Siku kikundi cha nje kitakapotamka neno moja la Kigogo jukwaani, mtasikia kelele.

Matangazo: redio ya mjini, gari la spika siku mbili, makundi ya WhatsApp ya mitaa na ya kwaya. Lakini wito wenye nguvu kuliko yote ni ngoma za muheme, zinazopigwa na akina mama wa Kigogo. Alika kikundi kimoja kianze kupiga nusu saa kabla ya onyesho. Watu huifuata sauti ile bila kuuliza kuna nini. Walipe kama mnavyowalipa wengine, na wawe kwenye ratiba kwa jina, wasiwekwe kama pambo la kupokelea mgeni rasmi. Na huyo mgeni rasmi apewe dakika tano. Ziandikwe kwenye barua yake.

Kiingilio: jioni za uwanjani bure, kapu lizungushwe mwishoni na mwigizaji mwenyewe akiwa bado na maleba yake. Usiku wa mwisho, ukipewa ukumbi mdogo bila kukodi, weka shilingi 2,000.

Hatua ya 8: Wiki yenyewe

Kila kikundi kiwe na mwenyeji mmoja anayekipokea stendi ya Nanenane au stesheni ya treni, anayejua nani hali nyama, nani ana dawa za kunywa, na namba ya zahanati ya karibu. Mwenyeji huyo asiwe mwigizaji. Asubuhi, saa tatu hadi saa sita, vikundi vifundishane: saa moja na nusu kila kimoja, bila mtaalamu wa kukodi. Wengi watakuambia baadaye kwamba walikuja kwa ajili ya asubuhi hizo.

Nusu ya malipo itoke siku kikundi kinapofika, nusu usiku wa onyesho lake, kwa saini. Usiseme "tutawatumia". Viti vya kukodi vihesabiwe usiku uleule, taa ikiwa bado inawaka, kwa kuwa asubuhi vitakuwa pungufu na hakuna atakayejua vilikoenda. Mabasi ya Arusha na Mbeya huondoka alfajiri, kwa hiyo mama lishe aambiwe jana yake: maandazi, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, vifungashio sita kwa kila kikundi, tayari saa kumi na moja.